Incognito haikufichi kwenye intaneti
Jamani, watu kibao bado wanaamini ukifungua incognito (dirisha la faragha la brauza) basi hakuna anayekuona, si kweli kabisa. Brauza inaacha tu kutunza historia na inafuta kuki (vifaili vidogo ambavyo tovuti huweka kukukumbuka) ukishafunga madirisha yake yote, tena ni kwenye kifaa chako tu. Kampuni inayokupa intaneti bado inaona unaingia tovuti gani, tovuti nayo inaona anwani yako ya IP (namba inayotambulisha intaneti unayotumia), na ukilogini ndo umejitambulisha mwenyewe. Google walishtakiwa Marekani 2020 kwa kukusanya data za watu waliokuwa humo humo incognito, na 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya rekodi, hilo linaniuma sana. Ukitaka kuficha IP tumia brauza ya Tor, iko slo lakini inapitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta tatu tofauti.