Baada ya kimbunga, kisima kwanza

Kila kimbunga kikipita, swali la kwanza linalotufikia kitengo cha afya ya mazingira ni la maiti: zitamwagiwa chokaa lini? Hofu kwamba maiti zitaleta magonjwa tunaielewa. Tumeshajibu mara nyingi kwamba haihitajiki, lakini chokaa bado inamwagwa, na hapohapo watoto wanachota maji kwenye kisima kilichoingiliwa na mafuriko ya choo.

Aliyezama au kuangukiwa na ukuta hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, na mwili wake hauleti mlipuko. Wanaobeba miili wavae glavu na wanawe mikono, basi. (Aliyekufa kwa kipindupindu chenyewe ni suala jingine, waachiwe waliofunzwa.) Kaburi la pamoja la harakaharaka halikingi mtu. Ipigwe picha ya uso na ya nguo, ifungwe namba isiyofutika kwa maji, kila mwili uwe na kaburi lake. Bila hayo mjane atahangaikia cheti cha kifo kwa miaka.

Sasa maji. Kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, usiku wa Machi 14, 2019. Machi 27 kipindupindu kikatangazwa. Waliougua walizidi 6,000. Chanjo ilianza Aprili 3, vituo vya matibabu vilikuwa wazi, na waliofariki kwa ugonjwa huo walikuwa 8.

Kusafisha kisima si kumimina klorini na kunusa. Kwanza tope na takataka zinatolewa na kuta zinasuguliwa. Maji yanavutwa polepole, maana ardhi iliyolowa huweza kubomoka, kisha kisima kinaachwa kijae. Ndipo klorini inawekwa kwa kipimo kinacholingana na ujazo wa maji, watu wanazuiwa kuchota, na maji hayo yanavutwa na kumwagwa mpaka klorini iliyobaki ishuke chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Kidonge cha kupimia kinayageuza maji kuwa ya waridi. Rangi inalinganishwa na kadi. Kisima kikifunguliwa kabla ya kipimo hicho, kinafungwa tena na kazi inarudiwa tangu kusugua kuta. Hatulipizi kisasi, hatuwezi kuthibitisha maji tusiyoyajua.

Hata baada ya kupita kipimo, maji yatibiwe nyumbani, kwani klorini ya kisimani haidumu.

Malaria huja wiki kadhaa baadaye, mbu wakishazaliana kwenye madimbwi. Homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa panya, huwapata wanaotembea peku kwenye maji yaliyotuama. Nao waliochomwa na misumari ya mabati wafike kituoni siku hiyohiyo kwa chanjo ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo na kimeshaacha kuuma.