Kwa nini kiharusi huchukua upande mmoja wa mwili?

Kila mtaa una mzee wake anayeburuza mguu. Mwingine mkono umejikunja kifuani, vidole vimefumbata kama vilivyoshika sarafu. Ukiwatazama vizuri utagundua kwamba mkono na mguu vilivyolegea viko upande mmoja: huyu wa kulia, yule wa kushoto, na nusu iliyobaki inafanya kazi kama kawaida. Mpaka unapita katikati ya mwili kama wa shamba lililopimwa kwa kamba. Si ajabu watu wakasema mgonjwa kapitiwa na pepo. Maradhi gani tena yanajua nusu?

Jibu liko pale fuvu linapokutana na shingo. Ubongo una nusu mbili, na amri ya kuinua mkono wa kulia hutoka nusu ya kushoto. Nyuzi za neva zinazoibeba amri hiyo hushuka kupitia shina la ubongo, na zinapokaribia kuingia uti wa mgongo, takriban tisa katika kila kumi huvuka kwenda upande wa pili. Zinapishana na zile zinazotoka nusu ya kulia, kama ukili unaposukwa. Waganga wa Ugiriki ya kale walishaona kwamba mtu akiumia kichwa upande mmoja, degedege humshika upande wa pili. Njia panda yenyewe ilielezwa mwaka 1709 na Mwitaliano Domenico Mistichelli, kisha 1710 na Mfaransa François Pourfour du Petit, aliyekuwa daktari wa jeshi. Kwa nini tukaumbwa hivyo? Nadharia zipo nyingi, ila hakuna iliyomaliza ubishi.

Sasa ongeza mishipa ya damu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna ghala la akiba. Kila nusu ina mshipa wake mkubwa unaopanda shingoni. Donge la damu likiuziba mshipa wa kushoto, au mshipa mdogo ukipasuka humo ndani, eneo linalotuma amri hufa njaa na upande wa kulia wa mwili hunyamaza. Mkono wenyewe hauna kosa: nyama zake, mifupa yake na mishipa yake ni mizima. Ndiyo maana kuuchua kwa mafuta ya nyonyo hakumdhuru mgonjwa, ila hakugusi palipoharibika.

Ukiujua mpangilio huu unaweza kusoma ugonjwa usoni pa mtu. Mwambie acheke, na upande mmoja wa mdomo utaning'inia. Mwambie anyanyue mikono yote miwili na kufumba macho, na mmoja utashuka polepole bila yeye kujua. Halafu mwambie akunje paji la uso kama mtu aliyeshangaa. Kwenye kiharusi, mara nyingi paji hujikunja sawa pande zote, kwa sababu misuli ya paji hupata amri kutoka nusu zote mbili za ubongo. Paji likigoma pamoja na mdomo, na mikono na miguu ikawa mizima, huenda ni neva ya uso iliyovimba. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na wengi hupona. Hata hivyo, kutofautisha ni kazi ya daktari. Nyumbani, mdomo ukipinda ghafla, anza safari ya hospitali.

Upande wa kulia ukipooza, mara nyingi na maneno hupotea. Katika kila watu 100 wanaotumia mkono wa kulia, wapatao 95 wana makao ya lugha katika nusu ya kushoto ya ubongo, ile ile inayoongoza mkono wa kulia. Mwaka 1861, karibu na Paris, daktari Paul Broca alipelekewa mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, na kwa miaka mingi neno lake lilikuwa moja tu, "tan", alilolirudia kwa kila jibu. Leborgne alifariki siku chache baadaye. Broca alipoufungua ubongo aliona shimo sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto. Linalonivutia zaidi ni hili: Leborgne akikasirika, laana nzima ilimtoka kinywani, maneno yote yakiwa mahali pake.

Hilo utaliona hata kwetu. Mama hawezi kusema "maji", anahangaika, machozi yanamlengalenga. Kwaya ikianza wimbo anaoujua tangu utotoni, anaimba ubeti mzima. Mwingine hawezi kutaja jina la mwanawe lakini anasoma Alhamdu bila kukwama. Ndugu hudhani anajifanya, na hapo ugomvi huanza. La hasha. Maneno tuliyoyakariri, nyimbo, kuhesabu moja hadi kumi, hata matusi, hayategemei njia ile ile tunayoitumia kutunga sentensi mpya, na nusu ya kulia husaidia kuyabeba. Watafiti wa Boston walilitumia jambo hilo mwaka 1973: walimfundisha mgonjwa kuimba anachotaka kusema huku akigonga meza taratibu kwa mkono wa kushoto, kisha uimbaji unapunguzwa hadi yabaki maneno matupu. Njia hiyo haimfai kila mtu. Kinachoizuia huku kwetu ni uhaba wa wataalamu wa matamshi, kwa maana kuimba kwenyewe hakuhitaji mashine.

Upande uliopooza humwambia daktari ni wapi palipoharibika. Haumwambii kama mshipa umeziba au umepasuka, na hilo ndilo linaloamua dawa. Duniani viharusi vingi ni vya kuziba. Afrika, vya kuvuja damu vina sehemu kubwa kuliko Ulaya, na presha isiyotibiwa ni sababu kuu. Kwa macho huwezi kuvitofautisha; inahitajika picha ya CT ya kichwa. Kwa hiyo usimpe aspirini nyumbani: kama ni donge itamsaidia, kama ni damu inayovuja itaizidisha. Usimpe pia kidonge cha presha cha jirani, maana presha ikishuka ghafla, ubongo uliozibiwa hukosa hata kile kidogo kilichokuwa kinapenya. Na usimpe uji wala maji ili apate nguvu. Koo nalo huweza kupooza upande, kinachomezwa kikaingia mapafuni, na siku tatu baadaye familia inauguza nimonia. Ule ujumbe wa kwenye simu wa kumtoboa mgonjwa vidole kwa sindano, ufute.

Kwenye kiharusi cha kuziba mshipa mkubwa, imekadiriwa kwamba chembe milioni 1.9 za ubongo hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha donge, iliyothibitishwa mwaka 1995, hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Bado ni adimu katika hospitali zetu, lakini mgonjwa akifika mapema, uuguzi wa kawaida nao huokoa maisha: kumpima kumeza kabla ya kumlisha, kudhibiti homa na sukari, kumgeuza kitandani. Saa huanza kuhesabiwa pale alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyelala salama saa tatu usiku akaamka amepinda saa kumi na mbili asubuhi, hesabu yake inaanzia saa tatu. Iandikeni hata kwenye kiganja, kwa kuwa mapokezi wataiuliza. Na dalili zikija zikaondoka baada ya nusu saa, msishukuru Mungu mkarudi kulala: kiharusi kamili huweza kufuata ndani ya siku chache.

Tusidhani ni maradhi ya Wazungu na ya wazee wa mjini. Kati ya 2003 na 2006, watafiti waliwafuatilia watu wa Hai, Kilimanjaro, na sehemu ya Dar es Salaam. Wakizingatia tofauti za umri, walipata viharusi vipya karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na karibu 316 Dar es Salaam. Idadi hiyo ya Dar inazidi ya nchi nyingi tajiri. Nao watoto wenye selimundu hupata kiharusi wakiwa bado shule ya msingi.

Chembe zilizokufa hazifufuki. Zile za jirani, na wakati mwingine hata za nusu ya pili, hujifunza kazi, lakini kwa kuirudia mara mamia. Kuna njia ambayo mkono mzima hufungwa kwa saa kadhaa ili mbovu ulazimike kushika kikombe. Inafaa kwa yule ambaye vidole vimeanza kucheza, na inatesa moyo wa anayetazama. Familia zetu zina huruma sana hapa: mgonjwa analishwa, anavishwa, anaogeshwa, hata kwa kazi ambayo angeiweza kwa dakika kumi za kuhangaika. Wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo, wengi wao wamesomea hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, hutumia sehemu ya muda wao kuwafundisha ndugu. Somo la kwanza: usimvute kwa mkono uliolegea ukitaka kumwinua. Misuli ya bega haina nguvu ya kulishikilia, huteguka kidogo kidogo, na maumivu yake hukaa miezi.

Anayechanganya ndugu kuliko wote ni aliyepooza kushoto. Anaongea vizuri, kwa hiyo wanadhani ameumia kidogo. Kumbe nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayotuwekea angalizo la pande zote, na ikiumia, upande wa kushoto wa dunia hufutika. Macho ni mazima, ila hautafuti. Ananyoa ndevu za kulia tu. Anagonga mlango kwa bega la kushoto. Anakula wali wa upande mmoja wa sahani, kisha analalamika kwamba mkwe wake amempunja. Mkwe ananuna, kwa sababu nusu ya wali iko palepale mbele yake. Wengine huweka utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa sahani na kumfundisha kuutafuta kila anapokula. Kwa leo, mkwe aizungushe tu sahani. Ataendelea kula.