Sushi, ajinomoto na gololi za muhogo: yanayosemwa mezani na yaliyo kweli

Kuna mtu anayekunywa chai kwa chapati asubuhi, Ijumaa akala pilau, jioni akanunua sambusa mbili za njiani, kisha ukimwalika kwenye mgahawa wa Kithai anakwambia tumbo lake halijazoea vyakula vya Kiasia. Chapati na pilau zimekaa kwetu mpaka hakuna anayeuliza zilitoka wapi. Chakula cha Kichina, Kijapani, Kithai au Kikorea bado ni kigeni kwa wengi, hata Dar es Salaam na Nairobi ambako migahawa hiyo siku hizi haitafutwi kwa tochi, na mgeni hakosi kusemwa. Mengi yanayosemwa si kweli. Ubaya ni kwamba watu huogopa kisicho na neno, halafu wakapita juu ya kile ambacho kweli kilistahili kuulizwa.

"Sushi ni samaki mbichi"

Sushi ni wali. Ni mchele mfupi unaoshikana, ukipikwa unatiwa siki, sukari na chumvi. Kinachobadilika ni kile kinachowekwa juu yake au kuviringishwa ndani. Huweza kuwa jodari mbichi, na huweza vilevile kuwa kamba wa kuchemsha, mkunga wa kuchoma aliyepakwa sosi tamu, yai la kukaanga, tango au parachichi. Samaki mbichi akiletwa peke yake bila wali, huyo ni sashimi. Kwa hiyo anayesita ana pa kuanzia. Ile roli iitwayo California kwa kawaida haina kibichi zaidi ya tango na parachichi; hata "kaa" wake mara nyingi ni samaki mweupe aliyesagwa, akapikwa na kutiwa rangi.

Sasa kwa yule aliyekwisha amua kumla mbichi. Mtu wa Pwani ataapa kwamba samaki aliyevuliwa alfajiri hana madhara. Upya wa samaki ni jambo zuri, lakini unachozuia ni kuoza. Minyoo hauui. Samaki wengi wa baharini hubeba vimelea, na anisakis ndiye anayejulikana zaidi kwa kuwatesa walaji wa samaki wabichi. Anachokiogopa mdudu huyo ni moto, au baridi kali ya muda mrefu. Mwongozo wa Marekani, kwa mfano, unataka samaki wa aina nyingi wanaoliwa wabichi wawe wamegandishwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa siku 7, au wagandishwe kwa baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri na kukaa humo saa 15. Friza ya nyumbani huwezi kuitegemea kwa kazi hiyo. Swali la kumuuliza mhudumu, basi, ni kama samaki aligandishwa, hata kama tarehe ya kuvuliwa kwake inavutia zaidi. Na samaki wa mnada wa Feri, Dar es Salaam, awe mpya kiasi gani, apelekwe kwenye kikaango.

Salmoni, yule samaki wa rangi ya chungwa anayepamba kila tangazo la sushi, Wajapani walikuwa hawana desturi ya kumla mbichi. Salmoni wa Pasifiki waliyemjua alikuwa na sifa mbaya ya vimelea. Walioingiza salmoni katika sushi ni Wanorwe, waliofanya kampeni Japani kuanzia miaka ya 1980 ili wapate soko la samaki wao wa kufugwa.

Hata kile kijani kinachopanda puani na kutoa machozi, mara nyingi si wasabi. Ni mzizi mwingine uitwao hosradishi, ukachanganywa na haradali na rangi. Wasabi halisi hupenda maji baridi yanayotiririka, ni ghali, na ukishakunwa ukali wake hufifia kwa dakika chache. Bandia au halisi, hakuna tuzo ya kukimeza kwa kijiko.

"Ajinomoto inaumiza kichwa"

Hii imeenea kuliko zote, na asili yake inajulikana. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, profesa wa kemia jijini Tokyo, alitoa katika mwani wa kombu kile kinachoupa mchuzi wa Kijapani ladha nzito kama ya nyama. Kilikuwa glutamati. Mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto. Miaka sitini watu walikula bila makelele. Kisha mwaka 1968 daktari mmoja aliliandikia jarida la New England Journal of Medicine barua, akieleza kwamba kila alapo kwenye migahawa ya Kichina Marekani huhisi ganzi shingoni, udhaifu na moyo kwenda mbio. Alitaja mambo kadhaa yanayoweza kuwa chanzo: sosi ya soya, divai ya kupikia, chumvi, na hiyo glutamati. Watu wakaiokota glutamati, wakaacha mengine, na ugonjwa ukapewa jina la migahawa ya Kichina.

Tangu hapo watafiti wamewapa watu glutamati na kitu kisicho nayo bila wao kujua kipi ni kipi, na hawakupata madhara yanayojirudia. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaihesabu kuwa salama. Inakubali kwamba baadhi ya watu huweza kupata dalili nyepesi za muda mfupi wakimeza gramu 3 au zaidi bila chakula, lakini sahani ya kawaida iliyotiwa glutamati ina chini ya nusu gramu. Nyanya zilizoiva zina glutamati. Uyoga unayo. Maziwa ya mama yanayo kwa wingi. Na yule anayemwambia mhudumu kwa sauti, "Msinitilie ajinomoto," aende nyumbani asome pakiti za viungo vya mchuzi na tambi za dakika mbili kabatini mwake. Akiona E621, ndiyo hiyohiyo.

Linalostahili swali mezani ni chumvi. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina takribani miligramu 900 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie 2,000 kwa siku nzima. Mgonjwa wa presha anayekataa ajinomoto huku akimimina sosi ya soya juu ya wali kama maji ameukwepa mwiba akakanyaga msumari. Glutamati yenyewe ina sodiamu kama theluthi ya ile iliyomo kwenye chumvi ya kawaida.

"Wali wa kukaanga ni kiporo cha jana"

Naam, mara nyingi ni kiporo, kwa makusudi. Wali uliotoka jikoni sasa hivi una unyevu mwingi. Ukiutia kwenye karai la moto unakuwa uji. Uliolala kwenye baridi umekauka, punje zinaachana. Kasoro haiko kwenye kulala, iko mahali ulipolala. Wali ulioachwa jikoni kwenye joto letu usiku kucha huweza kuota bakteria aitwaye Bacillus cereus, na sumu yake haiondoki kwa kupasha moto. Ukipoozwa upesi na kuwekwa kwenye friji, hauna tatizo. Kanuni hii inahusu kiporo cha nyumbani kwako pia, ambacho hakuna anayekisema.

"Wale watu hawana vitamu"

Wanavyo, ila havifanani na keki. Wachina na Wajapani wengi husifu kitamu kwa kusema hakikuzidi sukari, kwa hiyo aliyelelewa kwa haluwa na visheti akionja mara ya kwanza huona kama mpishi alisahau kitu. Kwa upande mwingine, Bara Hindi hawana haya na sukari: gulab jamun, vidonge vya maziwa yaliyokaushwa vikakaangwa na kuzamishwa kwenye shira, ni jirani wa kaimati kwa tabia. Kusema "vitamu vya Kiasia" kama kitu kimoja hakusaidii mtu.

Kinachowashangaza wengi ni maharage. Ndani ya maandazi ya mvuke na vitamu vya Kijapani hukutwa rojo la maharage madogo mekundu, azuki, yaliyochemshwa na sukari. Watu hukunja uso. Mtu ambaye mwezi wa Ramadhani hufuturu kwa tambi za sukari na nazi sioni anapata wapi ujasiri wa kuwacheka wanaotia sukari kwenye maharage.

Halafu ile chai ya maziwa yenye gololi nyeusi, iliyozuka Taiwan miaka ya 1980. Maduka mawili, moja la Taichung na moja la Tainan, yalibishana mahakamani miaka kumi juu ya nani aliianzisha, na kesi ikaisha mwaka 2019 bila mshindi. Kwetu imezushiwa kwamba gololi zile ni plastiki, au mayai ya samaki. Ni muhogo! Wanga wa muhogo huvurugwa kwa maji ya moto na sukari guru, huviringishwa, huchemshwa, kisha hulowekwa kwenye shira. Bara letu ndilo linaloongoza duniani kwa kulima muhogo, na sisi ndio tunaouliza kama ni plastiki. Gololi nzuri ni laini yenye kuvuta. Ikiwa ngumu katikati, imelala dukani tangu jana. Hutafunwa, haimezwi, na mtoto mdogo asipewe kwa sababu huweza kumkaba. Sukari ndiyo ya kuuliza: Taiwan kwenyewe mteja huchagua kiasi anachotaka, robo, nusu au bila kabisa, na duka lolote linalojua kazi yake litakusikiliza.

Mochi nayo hufikiriwa kuwa ya ngano kwa jinsi inavyovutika. Ni mchele wa kunata uliopondwa. Hauna gluteni, ile protini ya ngano, hata chembe. Kunata kwake kunatokana na aina ya wanga iliyojaa humo. Hii kweli ina hatari yake, maana Japani kila Mwaka Mpya wazee hupoteza maisha kwa kukabwa na mochi, na wazima moto wa Tokyo hutoa onyo lilelile: kata vipande vidogo, tafuna taratibu. Ile yenye aiskrimu ndani, inayouzwa kama kitamu cha kale cha Kijapani, ilipata umaarufu kutoka Los Angeles. Na kile kibiskuti chenye karatasi ya bahati, Wachina wa China hawakijui. Kilitoka Japani kwa wahamiaji, kikakulia California.

Kama ningemchagulia mtu wa kwetu kitamu cha kuanzia, ningempa embe na wali wa kunata wa Kithai. Viungo vyote anavijua. Tofauti na wali wa nazi, mchele huu hupikwa kwa mvuke kwanza, ndipo hutiwa tui zito la moto lenye sukari na chumvi, ukaachwa ulinywe. Juu humwagiwa tui jingine lenye chumvi kidogo, na hiyo chumvi ndiyo inayolitoa embe. Usiogope kuiona kwenye kitamu.

Kuhusu doriani, wapo wanaolipa pesa nyingi Singapore kulionja tunda ambalo Zanzibar huuzwa msimu wake ukifika, sawa na shokishoki. Harufu ni ile iliyolifanya lipigwe marufuku ndani ya treni za Singapore. Na ingawa sura inakupeleka kwenye fenesi, kwa ukoo doriani iko karibu zaidi na mbuyu.

"Bila vijiti utaaibika"

Thailand watu hula wali kwa kijiko na uma. Vijiti huchukuliwa zaidi kwa tambi. Ufilipino vilevile ni kijiko na uma. Sushi huliwa kwa mkono bila lawama, Japani kwenyewe. Adabu ya kushika ni moja: usisimamishe vijiti wima kwenye bakuli la wali, maana Wachina na Wajapani huona humo ubani wa maiti.

"Kama hakuna nguruwe, ni halali"

Hapa ndipo ningetaka watu wawe waoga zaidi. Menyu inaweza isitaje nguruwe wala pombe, na vyote vikawemo. Mirin, kiungo cha sosi nyingi za Kijapani, huwa na kilevi cha asilimia kama 14. Divai ya kupikia ni kawaida kwenye jiko la Kichina. Mafuta ya nguruwe huingia katika unga wa baadhi ya vitafunio vya mvuke. Jelatini iliyomo kwenye vitamu vinavyotikisika mara nyingi hutokana na nguruwe au ng'ombe, ilhali agari, inayogandisha vilevile, hutokana na mwani. Asiyekula nyama ajue kwamba mboga za Kithai hutiwa sosi ya samaki kama sisi tunavyotia chumvi, na mwenye matatizo ya ngano ajue kwamba sosi ya soya ya kawaida imetengenezwa kwa soya pamoja na ngano. Uliza jina la kiungo. Ukiuliza tu "Ni halali?" utajibiwa ndiyo na mtu anayetaka kukufurahisha.

Uvumi kwamba migahawa hii hupika mbwa na paka haustahili nafasi kubwa. Wapo wanaokula mbwa sehemu za China, Vietnam na Korea, ni wachache na wanapungua. Jiji la Shenzhen, China, lilipiga marufuku mwaka 2020, na Korea Kusini ikapitisha sheria mwaka 2024 ya kuikomesha biashara hiyo ifikapo 2027. Mwenye mgahawa wa Nairobi anayetafuta faida hana sababu ya kuhangaikia nyama isiyo na machinjio wala bei sokoni, na kuku wamejaa.

"Ni ghali, na sahani haishibishi"

Kwa mgahawa wa Kichina, lawama hii hutoka kwa aliyeagiza sahani moja akaikumbatia peke yake. Chakula kile hupangwa kwa meza, si kwa mtu: vitoweo hukaa katikati, kila mmoja na bakuli lake la wali. Watu wanne waagize vitoweo viwili, mboga moja, supu au tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), na wali wa kutosha, kisha bili igawanywe kwa nne kabla mtu hajaanza kunung'unika. Waliokula sinia moja tangu utotoni hawahitaji kufundishwa zaidi ya hapo.