Je, wajua? Hasira za karibu zinaweza kutokana na upungufu wa madini ya chuma

Kidonge cha virutubisho kinaweza kupunguza hasira za karibu, lakini kwa sharti moja: kijaze kitu kilichopungua mwilini. Mfano ulio wazi ni madini ya chuma.

Ubongo hutengeneza dopamini na serotonini, kemikali zinazoratibu hisia, kwa vimeng'enya visivyofanya kazi bila chuma. Chuma kikipungua mtu huchoka, hukosa umakini, na jambo dogo humkera. Hali hiyo huweza kuanza kabla wingi wa damu haujashuka, kwa hiyo aliyeambiwa damu yake iko sawa bado anaweza kuwa na upungufu. Walio hatarini zaidi ni wanawake wenye hedhi nzito, wajawazito, watoto wadogo na wenye minyoo ya safura, inayonyonya damu utumboni.

Basi pima kwanza. Himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, au 13 kwa mwanamume, ni upungufu wa damu. Omba na kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma: chini ya maikrogramu 15 kwa lita, akiba imekwisha. Malaria au maambukizi mengine hupandisha feritini na kuuficha upungufu, hivyo rudia ukipona.

Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Kwa watu wazima wengi kimoja kwa siku kinatosha, hata siku moja kumeza na ya pili kupumzika. Dozi ikiwa kubwa, ini hutoa homoni ya hepsidini, ambayo hupunguza ufyonzwaji wa chuma kwa karibu siku nzima. Anayemeza vitatu huishia kuumwa tumbo na kufunga choo bila faida kubwa.

Kosa linaloharibu dozi nyingi ni chai. Tanini yake hukamata chuma kisifyonzwe, na maziwa nayo hupunguza. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, saa 1 kabla ya kula au saa 2 baadaye.

Choo kuwa cheusi ni kawaida. Damu ikisharudi, endelea miezi 3 kujaza akiba. Isipopanda ndani ya wiki 4, tafuta minyoo au panapovuja damu. Mwenye selimundu asimeze bila daktari, kwa kuwa chuma humrundikia mwilini akiongezewa damu mara kwa mara. Vidonge fungia mbali na watoto, maana vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Feritini ikiwa nzuri, usimeze. Chunguza usingizi, sonona na tezi ya shingo.