Namba 4,294,967,297 na kigawo chake 641

Katika masomo ya ziada ninayofundisha hapa Tabora, wanafunzi wanaodhani kwamba kikokotoo kinamaliza kila kitu huwa nawapa namba moja: 4,294,967,297, yaani 2³² + 1. Ina tarakimu kumi, hivyo inaenea yote kwenye kioo cha kikokotoo cha kawaida. Pierre de Fermat, Mfaransa ambaye kazi yake ilikuwa sheria, aliamini mnamo 1640 kwamba ni namba tasa, kwa kuwa zile tano zinazoitangulia katika mfuatano wake (2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja ikiongezwa 1), yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni tasa. Ilimsubiri mwanahisabati Leonhard Euler, aliyeonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641.

Anayeishambulia kwa nguvu, yaani kwa kuigawanya kwa kila namba tasa hadi kipeuo chake cha pili, ana kazi, kwa sababu kipeuo hicho kinazidi 65,536 kwa kiasi kidogo mno, na chini ya hapo ziko namba tasa 6,542. Euler alithibitisha baadaye kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kibakize 1 kinapogawanywa kwa 64. Ukizifuata namba za namna hiyo kuanzia 65, zilizo tasa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641 yenyewe. Majaribio matano!

Mimi hata hivyo napendelea uthibitisho usiohitaji kugawanya kabisa. Angalia kwamba 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na papo hapo ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Tukihesabu kwa mabaki ya 641 peke yake, yaani tukiziona namba mbili kuwa sawa zikitofautiana kwa kigawe cha 641, umbo la kwanza linasema kwamba 5 × 2⁷ ni sawa na −1, na tukipandisha pande zote mbili kwa kipeo cha 4 tunapata kwamba 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Umbo la pili linaturuhusu kuweka −2⁴ mahali pa 5⁴. Basi −2³² ni sawa na 1, na 2³² + 1 haibakizi kitu. Wanafunzi wengi hugoma kwenye hatua ya kubadilisha, wakihisi kwamba kuitumia 641 mara mbili ni ujanja, ingawa hakuna kanuni inayokataza.

Kigawo cha pili ni 6,700,417. Mwaka 1878 mwanahisabati Édouard Lucas aliboresha sharti la Euler: vigawo tasa hubakiza 1 vinapogawanywa kwa 128, si 64 tu. Kwa kuwa kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589, za kujaribu ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 tu, na mabaki yake kwa mpangilio huo ni 170, 44, 120, 334 na 622. Sifuri haimo, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa, na 4,294,967,297 haina vigawo tasa vingine zaidi ya hivyo viwili.