"Anwani ya kimantiki": jina moja, wenyewe wawili

Anayeanza kusoma msimbo wa keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux hukwama mapema kwenye majina ya anwani za kumbukumbu. Linalosumbua zaidi ni "anwani ya kimantiki", kwa sababu lina wenyewe wawili wasiokubaliana.

Wa kwanza ni Intel. Katika miongozo ya prosesa zake za x86, anwani ya kimantiki ni jozi: segimenti (kipande cha kumbukumbu), na umbali kutoka mwanzo wa segimenti hiyo. Prosesa hujumlisha ikapata anwani ya mstari, kisha hupitia majedwali ya kurasa (orodha zinazotafsiri anwani, ukurasa kwa ukurasa) hadi kufikia anwani halisi, ile ya kwenye RAM. Linux huanzisha karibu segimenti zote kwenye sifuri, hivyo kujumlisha huko hakubadilishi kitu na wengi hukusahau.

Wa pili ni waandishi wa viendeshi vya Linux, yaani programu zinazoendesha vifaa. Kwao, anwani ya kimantiki ni anwani pepe ya keneli (ile ambayo msimbo huitumia kabla ya kutafsiriwa kuwa halisi) iliyopishana na anwani halisi kwa kiasi kimoja kisichobadilika. Kwenye x86 ya biti 32, kwa mpangilio wa kawaida, kiasi hicho ni 0xC0000000, yaani GB 3. Anwani halisi 0x00100000 keneli huiona 0xC0100000. Kurudi ni kutoa tu, na hiyo ndiyo kazi ya __pa(). Kwa maoni yangu jina hili halikuwafaa; mantiki yenyewe ni hesabu ya darasa la pili.

kmalloc(), mojawapo ya njia za kuomba kumbukumbu ndani ya keneli, hurudisha anwani ya aina hii. Nyingine, vmalloc(), hapana: hukusanya kurasa zilizotawanyika kwenye RAM, ikazipanga zionekane zimefuatana. Anwani yake ni pepe lakini si ya kimantiki. Ukiitia kwenye __pa() utapewa namba yenye sura nzuri inayoelekeza pasipohusika kabisa.

Bado kuna anwani ya DMA, ile inayotumiwa na kifaa chenyewe, tuseme kadi ya mtandao, kinapofikia RAM moja kwa moja bila kupitia prosesa. Penye IOMMU (sehemu ya maunzi inayotafsiri anwani za vifaa), kifaa huona namba tofauti na zile halisi. Pasipo IOMMU, kwenye Kompyuta nyingi za kawaida namba hulingana, na hapo ndipo kosa hujificha: kiendeshi hufanya kazi mezani kwako, kikafa kwenye mashine ya mwenzako. Linux imetenga aina mbili, phys_addr_t na dma_addr_t, lakini kwa kompaila, zote mbili ni namba tupu. Ukizichanganya, haitakuonya.