Dekalog si mahubiri ya Amri Kumi

Wengi hudhani Dekalog ya mwongozaji Krzysztof Kieślowski ni filamu ya Biblia. La. Ni tamthilia ya televisheni ya Poland ya 1988 na 1989, sehemu kumi za takriban saa moja kila moja. Aliiandika na wakili Krzysztof Piesiewicz, na wahusika wake ni wakazi wa kawaida wa maghorofa ya Warsaw.

Kosa linaanza pale mtazamaji anapotafuta amri moja katika kila sehemu. Kieślowski alizipa namba tu, na amri huingiliana. Tena namba zinafuata hesabu ya Kikatoliki: "Usiue" ni ya tano, ilhali Waprotestanti wengi huihesabu ya sita. Katika sehemu ya tano kijana anamuua dereva wa teksi, kisha serikali inamnyonga kijana. Mauaji yote mawili yanaonyeshwa kwa kirefu, bila kukuambia lipi ni haki, na hapo ndipo ukuu wake ulipo. Mpigapicha Sławomir Idziak alitumia vichujio vya kijani kwenye kamera, jiji likaonekana kama limeoza.

Sehemu ya tano na ya sita zina matoleo marefu ya sinema; zitazame zote mbili.